UZI: Protini za damu zinazompaka mdudu majivu ili seli nyeupe zimshike

Slaidi na Kioo (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam.

Haipiti wiki humu jukwaani bila mtu kubandika picha ya jibu lake la maabara na kuuliza: "CRP yangu ni 86, nina ugonjwa gani?" Kabla hajapata jibu la maana, mmoja atamwambia ni taifodi, mwingine atamtisha na saratani, na wa tatu yuko PM (ujumbe wa faragha) anamuuzia unga wa mlonge. Mimi ni mtu wa maabara. Kujibu mmoja mmoja nimechoka, nimeamua kufungua uzi.

CRP si jina la ugonjwa. Wala si kipimo cha "uchafu kwenye damu" kama baadhi yenu mnavyoandika. Ni protini. Imetengenezwa na ini lako na kumwagwa kwenye damu iende kufanya kazi maalumu: kuganda juu ya kitu kisichotakiwa mwilini ili seli nyeupe ziweze kukila. Na haiko peke yake. Kuna kundi zima la protini za damu zenye kazi hiyo, zinaitwa opsonini, na uzi huu ni wa hizo.

Tuanze na tatizo lenyewe. Seli nyeupe zinazokula ni za aina mbili kubwa. Kuna nutrofili, zinazozunguka kwenye damu na kukimbilia penye jeraha, na kuna makrofaji, zilizoweka makazi kwenye ini, bandama, mapafu na kwingineko. Ulaji huu aliubaini Ilya Metchnikoff mwaka 1882 akiwa Messina, Italia. Alichomeka mwiba ndani ya kiluwiluwi cha kiti cha pweza, na kesho yake akakuta seli zimeuzingira ule mwiba.

Ukiishia hapo utadhani mambo ni rahisi: mdudu kaingia, seli imemla, kwisha. Sasa chukua nutrofili zilizooshwa vizuri, ziweke kwenye maji ya chumvi pamoja na nimokokasi, bakteria wa nimonia. Zinagusana na kupishana. Bakteria yule amejivika ganda la sukari, laini, lenye chaji hasi kama ilivyo ngozi ya seli yenyewe. Aliyewahi kushika kambare mbichi ananielewa. Ukimbana anachomoka. Ndiyo maana akina mama wa kanda ya ziwa humpaka majivu kwanza, kisu baadaye. Opsonini ndiyo majivu.

Walioonyesha hivyo ni Almroth Wright na Stewart Douglas, hospitali ya St Mary's, London, mwaka 1903, na jaribio lao ni zuri mno kulipita mbiombio. Waliosha seli nyeupe hadi zikatakata, wakazichanganya na bakteria aina ya stafilokokasi na seramu, yaani yale maji yanayobaki damu ikishaganda. Seli zikala sana. Wakarudia kwa seramu iliyopashwa moto hadi nyuzi 60. Zikala kidogo mno. Hadi hapo mtu angeweza kusema seramu inazitia seli hamu ya kula, na moto umeiua hiyo hamu. Wao hawakuridhika. Wakaloweka bakteria kwenye seramu ambayo haijaguswa na moto, ndipo wakaupasha moto mchanganyiko wote, na mwisho kabisa wakaongeza seli. Zikala vizuri tu! Yaani kazi ilishafanyika juu ya bakteria kabla ya moto kufika. Seramu haikumgusa mlaji, ilimgusa mliwaji.

(Wright baadaye alitaka mgonjwa apimwe kiwango chake cha opsonini ndipo apangiwe tiba. Kipimo kile kikaja kuonekana hakitegemeki, wapimaji wawili majibu mawili. Wenzangu wa maabara mnacheka kwa sababu mnajua.)

Naendelea chini, msikatishe.

Njoro254

Boss, hapo kwa kambare umeniweza. Endelea, tuko hapa.

Slaidi na Kioo

Haya, majivu yenyewe ni nini?

Mnayoyajua ni kingamwili, hasa IgG. Ncha mbili za mbele humkamata mdudu, mkia unabaki nje, na nutrofili ina kipokezi cha ule mkia. Chanjo ya nimokokasi, ambayo watoto Kenya walianza kupata 2011 na Tanzania ikafuata miaka miwili hivi baadaye, haiui bakteria hata mmoja. Kazi yake ni kukuandalia kingamwili za kumpaka siku atakapoingia. Ubaya wa kingamwili kwa asiyechanjwa ni kwamba huchukua siku kadhaa kutengenezwa, na mdudu hana subira hiyo.

Kwa hiyo mwili una akiba nyingine, kundi la protini linaloitwa komplimenti, na mkubwa wao ni C3. Kila lita ya plazma (maji ya damu ukiondoa seli) ina gramu moja na ushee ya C3, imetulia tu. Ndani yake kuna kiungo cha kikemia kilichofichwa. C3 ikikatwa, kiungo kile kinafunuka, na ndani ya muda mdogo sana, mdogo kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde, ama kinanata kwenye kitu kilicho jirani ama maji yanakizima. Ndiyo maana majivu haya hayatapakai mwili mzima. Kinachonata kinaitwa C3b, na hakibanduki kwa kuoshwa, kimeungana na mdudu kikemia kabisa. Bakteria mmoja hubebeshwa maelfu ya C3b ndani ya dakika chache. Seli zetu wenyewe zikidondokewa na C3b kwa bahati mbaya, zina protini za kuizima papo hapo. Bakteria wengi hawana.

Sasa kile kipande kidogo kilichokatwa hakitupwi. Kinaitwa C3a, na pamoja na mwenzake C5a kinafanya jambo ambalo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu: kinaifanya mishipa midogo ya damu iachie mapengo. C5a pia inaziita nutrofili, zinafuata harufu yake hadi chanzo.

Jiulize mapengo ya nini. Protini hizi ni kubwa, kwa kawaida nyingi hubaki ndani ya mshipa. Mdudu yuko nje ya mshipa, kwenye nyama, pale mwiba ulipoingia. Mapengo yakifunguka plazma inavuja, na inavuja na kila kilichomo: C3, kingamwili, CRP, na protini nyingine kama fibrinojeni na fibronektini. Yale majimaji ndiyo uvimbe. Wekundu ni damu iliyoongezeka, joto vilevile. Madaktari hali hiyo yote wanaiita inflamesheni, na watu wengi wakiiona wanadhani wamemwona mdudu. Hapana. Sehemu kubwa ya unachokiona kimevimba ni mzigo wa opsonini uliofikishwa mahali, pamoja na walaji waliokuja kuufuata.

Na kuna kingine ambacho mimi binafsi nakiona kitamu zaidi. Makrofaji iliyotulia ikikutana na chembe iliyopakwa C3 inaweza kuishika na isiimeze. Inakaa nayo tu. Kipokezi kipo, ila kimelala. Ikiguswa na fibronektini, au na ishara za kikemia za uvimbe, kipokezi kilekile kinaamka na chembe inamezwa. Hivyo uvimbe unafanya kazi mbili, unaleta majivu na unamwamsha mlaji.

Turudi kwa CRP yenu. William Tillett na Thomas Francis, taasisi ya Rockefeller, New York, 1930. Waliona seramu ya wagonjwa wa nimonia ikichanganywa na sukari fulani ya ukuta wa nimokokasi, waliyoiita C, inafanya machicha. Mgonjwa akipona, machicha hayatokei tena. Kilichokuwa kinafanya hivyo ni protini yenye vipande vitano vilivyojipanga duara, inayohitaji kalsiamu ili ishike. Inashika fosfokolini, kitu kilichopo kwenye ukuta wa bakteria huyo na pia kwenye utando wa seli zetu zilizoharibika au kufa. Ikishashika, inaita C1q, ambayo ni mlango mmojawapo wa komplimenti, na C3 inaanza kupakwa. Vipokezi vya mkia wa IgG navyo vinaitambua.

Mtu mzima mwenye afya mara nyingi ana chini ya miligramu 5 kwa lita. Makrofaji zikianza vita zinatoa ishara inayoitwa IL-6, ini likiipata linaacha shughuli nyingine, na baada ya saa sita hivi CRP inaanza kupanda. Ndani ya siku moja au mbili inaweza kufika mamia. Nusu ya iliyomo kwenye damu huondoka kila baada ya saa 19 hivi, uwe mgonjwa uwe mzima, kwa hiyo namba unayoiona inakuambia jambo moja tu: ini linatengeneza kwa kasi gani. Haisemi kwa sababu ya nani. Bakteria huipandisha sana, virusi vingi huipandisha kidogo, lakini malaria pia huipandisha sana, na ajali na upasuaji vilevile. Huko kwetu penye malaria mtu mwenye homa akiwa na 86 hujamjua bado. Na mwenye ini lililochoka kabisa anaweza kuwa taabani na CRP isipande inavyotakiwa.

Ngosha wa Ziwa

Mkuu umeshusha kitu kizito. Swali la mtaani: mbona hospitali nyingi huku wilayani wanapima ESR na si hiyo CRP? Na je, nikila mlonge hizi opsonini zinaongezeka au nimepigwa hela?

Slaidi na Kioo

Ngosha, ESR, yaani kasi ya seli nyekundu kuzama kwenye mrija, ni rahisi: mrija, damu, saa moja, unasoma milimita. Kinachofanya damu ishuke haraka ni hasa fibrinojeni, nayo ni protini ya ini inayoongezeka wakati wa uvimbe, inazinatisha seli nyekundu zikapangana kama mrundo na kuzama kwa uzito. Ila inapanda polepole na kushuka polepole, na mgonjwa akiwa na upungufu wa damu inakudanganya.

Mlonge ni mboga nzuri, kula. Kupandisha C3 ya mtu anayekula vizuri, hapana. Penye ukweli ni hapa: mtoto mwenye kwashakoo C3 yake hushuka, kwa sababu ini halina malighafi ya kutengenezea protini, na ni sababu mojawapo ya watoto hao kuugua maambukizi mfululizo. Dawa yake ni chakula cha tiba hospitalini. Unga wa PM sahau.

Kurwa_mwanafunzi wa udaktari

Naomba niongeze upande ambao haujaguswa, kwamba si kila chembe inayoliwa ni mdudu. Mtu akigongwa na bodaboda au akiungua, damu yake inajaa takataka: vipande vya kolajeni (nyuzi zinazoshikilia nyama), mabaki ya fibrini (nyuzi za damu iliyoganda), seli zilizopasuka. Hizo nazo lazima ziondolewe, la sivyo zinaziba mishipa midogo ya mapafu na figo.

Miaka ya 1970 Marekani, Thomas Saba na Frank Blumenstock walikuwa wanachunguza protini ya plazma inayolisaidia ini kuokota chembe zilizofunikwa na jelatini, ambayo ni kolajeni iliyochemshwa. Ikaja kubainika ni ileile fibronektini, iliyokuwa imeshajulikana tangu 1948 kwa jina jingine kama protini inayoganda plazma ikipozwa. Kwenye plazma ipo miligramu 300 hivi kwa lita. Kwa majeruhi na walioungua vibaya ilionekana inashuka sana, inatumika kuliko inavyotengenezwa. Wakaanza kuwapa wagonjwa plazma iliyogandishwa yenye fibronektini nyingi. Ripoti za mwanzo zikatia watu moyo, lakini majaribio yaliyolinganisha makundi hayakuonyesha kwamba vifo vinapungua. Protini ilipanda, mgonjwa hakupona zaidi. Mhadhiri wetu hupenda kututajia kisa hiki kila mtu akisema "imeshuka, basi tumwongezee."

Halafu kuna seli zetu zinazokufa kila siku kwa utaratibu, nutrofili peke yake ni mabilioni. C1q inazipaka nazo, na makrofaji inazila kimya kimya bila kuleta uvimbe. Mtu aliyezaliwa bila C1q kabisa, karibu kila mara huishia kupata lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, au unaofanana nao, kwa sababu mabaki yale yasipozolewa mwili unaanza kutengeneza kingamwili dhidi yake.

Slaidi na Kioo

Kurwa, umemaliza. Hiyo ya lupasi inaelezea pia kwa nini tunapima C3 kwa wagonjwa hao: ugonjwa ukichachamaa C3 inashuka, inaliwa kwenye vita visivyo na adui. Na CRP yao mara nyingi haipandi hata hali ikiwa mbaya, wakati ESR iko juu. Mwenye kusoma CRP kama kipimo cha ukali wa kila ugonjwa, atafakari hapo.

Mama Pacha

Kaka Slaidi, shikamoo na kazi. Mmoja wa wanangu ana siko seli, ana miaka mitatu. Kliniki wanampa penisilini ya kunywa asubuhi na jioni na wakasema bandama yake haifanyi kazi. Sikuelewa bandama na nimonia vinahusiana vipi, na nilipouliza foleni ilikuwa ndefu. Inaingia kwenye uzi wako au nifungue mwingine?

Slaidi na Kioo

Marahaba dada, inaingia katikati kabisa.

Mdudu aliyepakwa vizuri, ini peke yake linamwondoa kwenye damu. Aliyepakwa vibaya, na hasa hawa wenye ganda ambao mtoto mdogo bado hajawatengenezea kingamwili, anahitaji bandama. Mle damu hupita taratibu sana, ikipenya kati ya makrofaji, kwa hiyo hata aliyepakwa kidogo ananaswa. Na bandama hiyohiyo ndiyo inayowahi kutoa kingamwili za kwanza dhidi ya maganda ya sukari. Kwenye siko seli zile seli nyekundu zilizopinda huziba mishipa ya bandama tangu utotoni hadi inakauka. Mtoto anabaki na opsonini zake, lakini amepoteza chujio.

Penisilini inaziba pengo hilo. Mwaka 1986 Marekani walitoa matokeo ya jaribio la watoto wadogo wenye siko seli waliokuwa wanakunywa penisilini mara mbili kwa siku: maambukizi makali ya nimokokasi yalipungua kwa asilimia 84, hadi jaribio likasitishwa mapema kwa sababu lingekuwa ni kuwanyima wengine dawa. Kwa hiyo dozi hiyo usiiruke hata akionekana mzima, na chanjo zake zote zikamilike. Akipata homa, usisubiri kesho wala usianze na duka la dawa. Hospitali siku hiyohiyo, na useme mlangoni kwamba ana siko seli.

Mama Pacha

Asante sana. Hiyo ya kusema mlangoni sikuwahi kuambiwa.

Njoro254

Swali la mwisho kutoka kwangu. Sisi huku Baringo kuna kala azar. Nilisoma mahali kwamba kimelea chake kinaishi ndani ya hizo makrofaji zenyewe. Sasa kama makrofaji ndiyo inamla, si hawa wadudu wangetaka wasipakwe hayo majivu kabisa?

Slaidi na Kioo

Njoro, wengi hawataki kweli. Stafilokokasi ana protini inayoshika kingamwili kwa mkia badala ya ncha, inakaa kichwa chini na mlaji hana pa kuishikia. Meningokokasi, bakteria wa homa ya uti wa mgongo, anaivuta ile protini yetu ya kuzima C3 na kujivika yeye, ajifanye seli ya nyumbani.

Leishmania, hicho kimelea cha kala azar, amechagua njia nyingine, anataka kuliwa. Akiingizwa na usubi anakubali kupakwa C3, kisha anaingia kwenye makrofaji kupitia kipokezi cha C3. Mlango ule una sifa ya kupitisha mzigo bila kelele nyingi, tofauti na ule wa kingamwili ambao ukiguswa seli inamwaga sumu zake zote. Kifua kikuu naye hupita huko, na kwingine pia.

Kurwa_mwanafunzi wa udaktari

Na akishaingia, bakteria wa kifua kikuu anazuia kile kifuko alichomezewa kisiungane na vifuko vya asidi na vimeng'enya. Anakaa humo miaka. Kinachobadilisha hali ni seli nyeupe za kundi jingine, seli T aina ya CD4, kuileta ishara ya gama-intaferoni, hapo makrofaji inapata nguvu ya kumalizia ilichomeza. Virusi vya UKIMWI vinaua hizohizo CD4, ndiyo maana kwenye wodi zetu wagonjwa wa TB wanapimwa VVU bila kusubiri, na wa VVU wanaulizwa kikohozi kila wanapokuja kliniki.